Deki ya Kaseti, Spika Zisizotumia Waya na Swali la Umiliki

Mtu anaweza kununua kitu, akalipa bei yake yote, akapewa risiti, akakibeba hadi nyumbani kwake, na bado asiwe mwenye kitu hicho. Zamani kauli kama hii ingechukuliwa kuwa kitendawili. Leo inaeleza kwa usahihi vifaa vingi tunavyoviweka sebuleni. Katika makala haya nakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mdogo sana: jitihada za kuunganisha deki ya kaseti na gramafoni ya marehemu baba yangu na spika mbili za kisasa zisizotumia waya.

Najua baadhi ya wasomaji watashangaa. Tumezoea kujadiliana hapa kuhusu katiba, bajeti, ajira za vijana na uwajibikaji wa viongozi. Naomba subira yenu. Nani mwenye mamlaka juu ya kitu, nani anaweza kukizima, na nani anapaswa kuulizwa kabla hakijazimwa, hayo ni maswali yale yale, yawe yanahusu kiwanja, kisima cha kijiji au spika iliyo juu ya kabati.

Mama yangu anaishi Tanga, katika nyumba waliyoijenga pamoja na marehemu baba, aliyekuwa karani wa bandari. Ana miaka 78. Presha ya macho imemwondolea uwezo wa kusoma, na televisheni sasa anaisikiliza tu. Magoti nayo yamechoka, hivyo sehemu kubwa ya siku huipitisha chumbani. Kilichobaki kikiwa kizima ni masikio, na masikio hayo ni makali kuliko yangu.

Mdogo wangu anayefanya kazi ng'ambo alipokuja likizo alimletea spika mbili, moja ya sebuleni na nyingine ya chumbani. Ilikuwa zawadi ya upendo na yenye akili. Kwa kutumia simu, mtu anaweza kuzifanya zote mbili zitoe sauti moja kwa wakati mmoja: taarifa ya habari, Kurani, taarabu, chochote kilichomo mtandaoni. Mama alishukuru, akamwombea dua mwanawe, kisha akauliza swali moja: "Na kanda za mjomba wenu, zitasikika humu?"

Lazima nieleze kanda hizo ni nini. Ndani ya kopo la bati la biskuti kuna kaseti 31. Mjomba, kaka yake mama, aliondoka kwenda Muscat mapema katika miaka ya 1970. Sultani Qaboos alikuwa ameshika madaraka mwaka 1970, na Oman ilikuwa ikiwaita watu wenye asili yake warudi kuijenga nchi. Wengi wa walioitikia walikuwa wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Unguja, Pemba na mwambao. Simu ilikuwa ghali, barua zilichelewa, na mjomba hakuwa mtu wa kalamu. Basi alizungumza. Alikaa mbele ya redio kaseti, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akamsimulia dada yake habari za kazi, joto, bei ya samaki na watoto waliozaliwa. Kaseti ilifungwa kwenye bahasha, akapewa msafiri.

Mama naye alijibu kwa njia hiyo hiyo. Kaseti nyingine zilikwenda na kurudi mara kadhaa, kila mmoja akifuta maneno ya mwenzake ili apate nafasi ya maneno yake. Hizi 31 ni zile ambazo Mama alikataa kuzirudisha. Mjomba amezikwa Muscat. Hakuna picha yake hata moja inayoweza kumsaidia Mama sasa, kwa sababu picha zinahitaji macho. Sauti ndiyo iliyobaki.

Kwa miaka mingi kaseti hizo zilichezwa kwenye deki ya baba, iliyounganishwa na amplifaya kubwa nzito kama tofali. Pembeni yake kuna gramafoni na santuri za NUTA Jazz, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na za vikundi vya taarabu vya Tanga. Amplifaya iliungua, na mafundi wawili kwa nyakati tofauti walisema vipuri vyake havipatikani tena. Deki ni nzima. Gramafoni ni nzima baada ya kubadilishwa mkanda wake wa mpira. Kaseti ni nzima. Spika mpya ni nzima. Vitu vinne vizima vilikuwa ndani ya nyumba moja, na sauti haikusikika.

Kabla ya kueleza tulivyoviunganisha, inafaa tukumbuke ni kwa nini kaseti iliyonunuliwa Muscat iliweza kusikika Tanga hapo mwanzo. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoitambulisha kaseti ndogo mwaka 1963. Katikati ya muongo ule iliwaruhusu watengenezaji wengine kuitengeneza bila kulipia leseni, mradi wafuate vipimo vilivyowekwa. Upana wa utepe ukawa mmoja. Mwendo ukawa mmoja, sentimita 4.76 kwa sekunde. Matokeo yake ni kwamba kaseti ya kampuni hii ilirekodiwa kwenye mashine ya kampuni ile, ikachezwa kwenye deki ya kampuni ya tatu, katika nchi nyingine, bila mtu yeyote kuombwa kibali. Familia yangu haikujua lolote kuhusu leseni hizo, lakini iliishi ndani ya uhuru ule kwa zaidi ya miaka ishirini.

Vivyo hivyo kuhusu zile pini mbili, nyekundu na nyeupe, zinazojulikana na kila fundi wa redio kwa herufi RCA. Herufi hizo ni za Radio Corporation of America, kampuni iliyoanza kuzitumia katika miaka ya 1930. Kampuni yenyewe haipo tena kama ilivyokuwa, lakini pini zake zimeishi kwa sababu kila mtu aliruhusiwa kuzitumia. Nyekundu ni ya upande wa kulia, nyeupe ni ya kushoto. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuelewa.

Kwa faida ya msomaji aliye na vifaa kama hivi nyumbani, nieleze kwa ufupi ufundi wenyewe, maana si mgumu kama unavyodhaniwa. Sauti inayotoka kwenye deki ya kaseti ni umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti. Nguvu yake ni takriban theluthi moja ya volti, kiwango kinachotarajiwa na vifaa karibu vyote vyenye tundu la kupokea sauti. Kwa hiyo deki haihitaji msaada wowote. Waya wa pini mbili unatosha.

Gramafoni ni jambo jingine. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutoa milivolti chache tu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1954 watengenezaji wa santuri nchini Marekani walikubaliana kanuni ijulikanayo kwa herufi RIAA, ambayo baadaye ilienea duniani. Kwa kanuni hiyo, wakati wa kuchonga santuri sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na mchakacho usitawale. Wakati wa kucheza, kazi hiyo hugeuzwa. Kifaa kinachoigeuza ni kikuza sauti cha awali, kijisanduku kisichozidi ukubwa wa pakiti ya chumvi. Zamani kilikuwa ndani ya amplifaya, ndiyo maana wengi hawajui kama kipo. Ukiunganisha gramafoni bila kikuza sauti hicho, mwimbaji atasikika kama amefungiwa ndani ya debe. Na kama kuna waya mwembamba wa tatu unaotoka kwenye gramafoni, huo ni wa ardhi; usipofungwa mahali pake utasikia mvumo mfululizo wa umeme wa hetsi 50.

Spika zisizotumia waya hazipokei mawimbi ya namna hiyo. Zinapokea namba. Kati ya deki na spika panahitajika kifaa cha kutafsiri, kinachopima umeme ule mara nyingi mno kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Katika sidii za muziki, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, vipimo hivyo ni 44,100 kwa sekunde kwa kila upande. Namba hufungwa katika vifurushi vidogo, hutumwa kwa mawimbi ya Wi-Fi hadi kwenye kila spika, na huko hugeuzwa tena kuwa umeme na kisha sauti. Spika huchelewa kidogo kwa makusudi, ili ya sebuleni na ya chumbani zitamke neno moja kwa wakati mmoja. Kwa kaseti ucheleweshaji huo hauna madhara yoyote. Kwa televisheni, midomo inaweza kwenda mbele ya maneno.

Kiufundi, basi, kazi yote ni hii: waya wa pini mbili, kijisanduku cha kutafsiri, na mawimbi ya ndani ya nyumba. Gharama ya vifaa vya kutafsiri na kukuza sauti ilikuwa ndogo kuliko ya spika moja. Fundi aliyenisaidia, kijana aliyejifunzia kazi kwa baba yake, aliimaliza sehemu ya nyaya kabla chai haijapoa.

Sehemu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Spika zile hazina tundu lolote isipokuwa la umeme. Njia pekee ya kuziambia zipokee sauti ya kijisanduku ilikuwa programu ya simu. Programu ilidai akaunti. Akaunti ilidai baruapepe, nywila, ruhusa ya kujua mahali tulipo, na kukubali mkataba mrefu wa Kiingereza ambao nina hakika hausomwi na hata mmoja katika wanaoukubali. Tulikubali. Tukiwa katikati ya kazi kifurushi cha intaneti kikaisha, na programu ikasimama. Ilitufahamisha kwamba haiwezi kuendelea mpaka iwasiliane na kompyuta za kampuni.

Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Sauti ya mjomba wangu ilivuka bahari kutoka Muscat hadi Tanga ndani ya mkoba wa msafiri, na hakuna kampuni iliyoulizwa. Sasa ilitakiwa kuvuka hatua kumi, kutoka sebuleni hadi chumbani, ndani ya nyumba ya dada yake, na ikahitaji idhini ya kompyuta iliyo bara jingine. Fundi aliweka bisibisi yake chini akasema, "Dokta, zamani nilikuwa nafungua kitu kwa hii. Siku hizi vinafunguliwa kwa nywila, na nywila yenyewe si yangu wala si yako." Akamtuma mdogo wake dukani kununua vocha.

Tulimaliza, na mfumo unafanya kazi mpaka leo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiitazama spika ile kama mtu anavyomtazama mpangaji mwenziwe. Mimi na yeye tupo katika nyumba moja, na mwenye nyumba ni mwingine.

Haya si mawazo ya mwalimu mwenye hofu za bure. Mwezi Januari 2020 kampuni ya Sonos ya Marekani, mojawapo ya waasisi wa spika za aina hii, ilitangaza kwamba kuanzia Mei mwaka ule bidhaa zake za zamani hazitapata tena masasisho ya programu. Wateja walighadhibika, kwa sababu vifaa vyao vilikuwa vizima na baadhi yao walikuwa wamevinunua kwa fedha nyingi. Mkuu wa kampuni aliwaandikia wateja barua ya kuwatuliza, na mwishowe mfumo ukagawanywa mara mbili: mmoja wa vifaa vipya, mwingine wa vya zamani. Kabla ya hapo kampuni hiyo hiyo ilikuwa na utaratibu wa punguzo la asilimia 30 kwa mteja aliyekuwa tayari kuachana na kifaa chake cha zamani. Mteja akiukubali, kifaa kilihesabu siku 21 kisha kikajizima moja kwa moja, kisiweze kutumiwa tena na yeyote. Utaratibu huo uliondolewa Machi 2020 baada ya malalamiko ya umma. Spika nzima, isiyo na kasoro, iliweza kuuawa kwa kitufe.

Ni haki pia kuwasikiliza wenye kampuni. Wanasema, na ni kweli, kwamba vifaa vya zamani vina kumbukumbu ndogo isiyobeba programu mpya, na kwamba kifaa kilichounganishwa na mtandao kikiachwa bila masasisho kinaweza kuwa mlango wa wezi wa taarifa. Hoja hizo zina uzito. Lakini zinathibitisha tu kwamba uhai wa kifaa umewekwa mahali ambapo mnunuzi hafiki. Amplifaya ya baba ilikufa kwa kuungua. Spika hizi zinaweza kufa kwa uamuzi wa kikao. Tofauti hiyo ndiyo siasa.

Sisi Watanzania tunayo kumbukumbu yetu wenyewe ya kuunganisha cha zamani na kipya. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Manung'uniko yalikuwa mengi, na kwa haki, maana gharama ya king'amuzi ilimwangukia mwananchi. Hata hivyo lipo jambo ambalo hatukulisema vya kutosha. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, hazikutupwa siku ile. Watu walichukua waya wenye pini tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, wakaingiza upande mmoja kwenye king'amuzi na upande wa pili kwenye televisheni, na picha ikaonekana. King'amuzi kilikuwa mkalimani, na tundu lilikuwa mlango ambao mkalimani aliingilia. Nchi nzima ilifanya kile nilichokifanya Tanga. Iliwezekana kwa sababu watengenezaji wa televisheni walikuwa wameacha tundu lililo wazi kwa kila mtu, bila kujua litakuja kutumiwa na kifaa gani. Tujiulize hali ingekuwaje kama kila televisheni ingehitaji kibali cha kiwanda chake kabla ya kukipokea king'amuzi.

Nirudi kidogo kwa Mama, kwa sababu alinifundisha jambo ambalo vitabu vyangu havikunifundisha. Tulipokuwa tukiunganisha, fundi alinishauri tuzihifadhi kaseti kwenye kompyuta pia, nami nikakubali mara moja. Alitengeneza nakala mbili za kaseti ya kwanza: moja kama ilivyo, nyingine iliyosafishwa kwa programu ya kuondoa kelele. Ile iliyosafishwa ilikuwa ya kupendeza. Sauti ya mjomba ilisimama peke yake, kavu na safi, kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Tulimpigia Mama zote mbili akiwa amelala chumbani. Aliisikiliza ya pili kwa muda mfupi, akasema, "Huyu ni yeye, lakini hayupo mahali. Nirudishieni ile yenye pangaboi."

Kweli, katika nakala ya kwanza, nyuma ya maneno ya mjomba, kulikuwa na pangaboi linalolia kila linapozunguka, gari linalopita, na mtoto anayeitwa na mama yake kwa Kiswahili cha Unguja katikati ya mji wa Uarabuni. Kwa programu hiyo ilikuwa taka. Kwa Mama ilikuwa nyumba ya kaka yake, ambayo hakuwahi kuiona hata kabla macho hayajamwacha. Kanuni za kitaalamu za uhifadhi wa sauti zinasema vivyo hivyo: nakala ya kwanza ichukuliwe bila kusafishwa wala kurembwa, kwa ubora usiopungua vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, na usafishaji wowote ufanywe kwenye nakala nyingine. Mama hakuzisoma kanuni hizo, na alifika pale pale.

Sasa niondoke katika nyumba yetu niende kwenye nyumba ya taifa. Mwaka 2019 UNESCO, ikishirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku duniani. Kiini cha tahadhari kilikuwa hiki: ifikapo takriban mwaka 2025, kuzicheza kanda hizo kwa utaratibu wa kawaida kutakuwa karibu hakuwezekani. Sababu kubwa iliyotajwa haikuwa kuoza kwa kanda. Ilikuwa kutoweka kwa mashine za kuzichezea, vipuri vyake, na mafundi wanaozijua. Mwaka huo wa tahadhari umeshatufikia.

Tafakari maana yake kwetu. Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam Julai 1951. Kwa miongo kadhaa baadaye, studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ndizo zilizorekodi bendi nyingi za dansi, vikundi vya taarabu, kwaya, ngoma za mikoa, michezo ya kuigiza na hotuba za viongozi. Kiswahili cha taifa hili kilikomaa mbele ya maikrofoni zile. Urithi huo uliwekwa kwenye kanda za sumaku. Tunayo Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inayosimamia kumbukumbu na nyaraka za taifa, na tunayo idara yake. Lakini sheria inaweza kulinda kanda ndani ya kabati kwa miaka mia, na kanda ikabaki bubu kwa sababu deki ya mwisho ilipigwa mnada kama chakavu.

Ndugu zangu watumishi wa umma, hapa nazungumza nanyi moja kwa moja. Katika ofisi nyingi utaratibu wa kuondoa mali chakavu hutazama umri wa kifaa na thamani yake kwenye daftari. Mashine ya kanda ya mwaka 1975 ina thamani ya sifuri kwenye daftari. Je, kuna mahali kwenye fomu ile panapouliza ni kumbukumbu gani zitakazonyamaza kifaa hiki kikiondoka? Na mnaponunua mifumo mipya, ya sauti za vikao, ya mafaili, ya picha, je, mkataba unasema taarifa zitatoka kwa muundo gani siku muuzaji atakapofunga biashara? Mfumo usio na tundu la kutolea taarifa ni kopo la biskuti lililolehemiwa kifuniko.

Kwa wanaharakati, nasema ajenda hii ni yenu pia. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yanayompa mnunuzi haki ya kutengenezewa bidhaa zake, ingawa orodha yake imeanza na vitu kama mashine za kufulia, majokofu na simu. Kwetu mjadala huo haujapewa nafasi, wakati sisi ndio tunaoishi kwa kutengeneza. Uchumi wa fundi wa redio, fundi wa simu na fundi wa friji ni uchumi wa maelfu ya vijana. Kila tundu linaloondolewa kwenye kifaa na kuwekewa nywila ni mkate unaoondolewa mdomoni mwao, na hakuna Bunge lililojadili wala mahakama iliyoamua.

Kwa wanafunzi wangu, ambao hupenda kuniuliza nadharia hizi zinasaidia nini, nina kazi tatu za mwisho wa wiki. Kwanza, kabla hamjanunua kifaa cha sauti kisichotumia waya, tazameni mgongo wake. Kikiwa na tundu la kupokea sauti kwa waya, kina njia ya kuishi hata kampuni ikikisahau. Kisipokuwa nalo, ulizeni kama kinafanya kazi mtandao ukikatika. Pili, msitupe deki ya mzee kabla hamjauliza ndani ya nyumba kuna kanda za nani. Deki nzima leo ni adimu kuliko kanda. Tatu, kaeni na mwenye sauti zile, au anayewajua waliomo, mwandike majina, mwaka na mahali. Kompyuta itahifadhi sauti ya mtu, lakini haitajua alikuwa nani.

Mimi na fundi tumeshahifadhi kaseti 19 kati ya 31. Nakala ziko sehemu tatu, katika muundo wa wazi usiomilikiwa na kampuni moja, na deki imebaki juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, tayari kuunganishwa na spika ya mtu yeyote. Zile mbili mpya tunazitumia na tunazifurahia. Siku zitakapozimwa kutoka mbali, tutanunua nyingine, na nitakapozinunua nitazigeuza mgongo kwanza, pale pale dukani, mbele ya muuzaji.